Baada ya sauti kutulia: mafunzo ya stadi za kijamii kwa wanaoishi na skizofrenia

Mtu anapopelekwa hospitali akiwa anajibizana na watu wasioonekana, au akikataa chakula kwa kuamini kimetiwa sumu, kila aliye nyumbani hutambua kwamba huo ni ugonjwa. Majirani husaidia kutafuta gari na jamaa huchanga pesa. Wiki kadhaa baadaye mgonjwa hurudi ametulia. Sauti zimepungua, analala usiku, anakula. Kisha anakaa. Anakaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi hadi jioni, wageni wakija haendi kuwasalimu, akitumwa dukani anarudi mikono mitupu, na akiulizwa jambo anajibu kwa neno moja. Hapo ndipo lugha ya nyumbani hubadilika. Yule aliyehurumiwa kama mgonjwa huanza kuitwa mvivu, au mtu wa kujifanya.

Somo hili linahusu kipindi hicho cha pili, ambacho hakina kelele na kwa hivyo hakivuti msaada mwingi. Linaeleza njia ambayo wataalamu wameitumia kwa takriban miaka hamsini: mafunzo ya stadi za kijamii, yaani kumfundisha mtu upya, kidogo kidogo na kwa mazoezi, namna ya kusalimu, kusikiliza, kuomba, kukataa na kueleza linalomsumbua.

Dawa hufika wapi

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaovuruga fikira, hisia na namna mtu anavyoyaelewa mambo yanayomzunguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) limewahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 24 ulimwenguni wanaishi nao, yaani takriban mtu 1 katika kila watu 300. Mara nyingi huanza katika miaka ya mwisho ya ujana au katika miaka ya ishirini, na wanaume huelekea kuupata mapema kuliko wanawake. Hauletwi na malezi mabaya. Wala si kuwa na watu wawili ndani ya mtu mmoja, kama filamu zinavyopenda kuonyesha.

Dalili zake ni za aina tatu. Ya kwanza ndiyo inayojulikana na wengi: kusikia sauti, kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, na kushikilia imani zisizo za kweli, kwa mfano kwamba majirani wanapanga njama. Ya pili ni ya mambo yanayopungua: hamu ya kufanya jambo, maneno, uchangamfu wa uso na sauti, raha ya kuwa na watu. Ya tatu inagusa umakini na kumbukumbu, hivi kwamba maagizo matatu yakitolewa kwa pamoja, mawili hupotea.

Dawa husaidia sana katika aina ya kwanza. Katika ya pili na ya tatu msaada wake ni mdogo. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa kila siku bila kukosa, sauti zikatulia, na bado ashindwe kuagiza pakiti moja ya unga. Huo si uvivu. Ni sehemu ya ugonjwa ambayo dawa haijaifikia.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika kwa urahisi. Umri ambao ugonjwa huu hupenda kuanzia ndio umri ambao wenzake mtu hujifunza kutafuta kibarua, kubishana bei, kuchumbia, kuweka akiba katika chama na kusema hapana kwa rafiki bila kuvunja urafiki. Aliyeugua akiwa na miaka 19 na akapata nafuu akiwa na miaka 27 huenda hakusahau stadi hizo. Huenda hakuwahi kuzipata.

Mafunzo yalivyoanza

Mmoja wa waanzilishi wake ni daktari wa magonjwa ya akili Robert Liberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye tangu miaka ya 1970 aliyagawa mazungumzo ya kawaida katika sehemu tatu. Kwanza mtu hupokea ishara: anasikia maneno, anaona uso wa mwenzake, anatambua kama amekasirika au anatania. Pili hufikiria jibu linalofaa. Tatu hulitoa, kwa maneno na kwa mwili. Skizofrenia inaweza kukwama katika sehemu yoyote kati ya hizo, na mkufunzi mzuri hutazama kwanza ni wapi panapokwama. Anayedhani kila anayecheka anamcheka yeye hasaidiwi kwa kufundishwa kupaza sauti.

Mwaka 1997 Alan Bellack, Kim Mueser na wenzao wawili nchini Marekani walichapisha mwongozo wa mafunzo haya hatua kwa hatua, na ukatolewa upya mwaka 2004. Mwongozo huo unaweka stadi nne kuwa msingi: kumsikiliza mwingine, kuomba jambo, kueleza hisia nzuri, na kueleza hisia zisizopendeza. Stadi nyingine, kama kuanzisha mazungumzo, kusuluhisha ugomvi au kuzungumza na wahudumu wa afya, hujengwa juu ya hizo nne.

Namna ya kufundisha ni ile ile ambayo fundi hutumia kumfundisha mwanagenzi wake. Fundi hamhutubii. Humwonyesha, kisha humpa randa mkononi, humtazama, humsifu palipo sawa, humrekebisha pamoja, na humwacha arudie. Kundi huwa dogo ili kila mmoja apate nafasi ya kujaribu, na vipindi huwa vifupi kwa sababu umakini huchoka haraka. Hatua za stadi ya siku hiyo huandikwa ubaoni au kwenye karatasi kubwa ukutani, ili anayesahau atazame badala ya kuaibika kwa kuuliza.

Kipindi kimoja: kumwambia mhudumu kwamba dawa inasumbua

Kati ya stadi zote, hii ndiyo yenye uzito kuliko nyingi, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Dawa za skizofrenia zinaweza kuleta matatizo: mikono kutetemeka, misuli kukaza, miguu isiyotulia, usingizi mwingi, kuongezeka uzito. Mengi ya hayo yana tiba. Kipimo kinaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au nyingine ikaongezwa ya kutuliza tatizo. Lakini yote hayo yanategemea mgonjwa kusema. Asiyeweza kusema huitikia kwamba yuko sawa, hurudi nyumbani, na dawa huishia shimo la choo. Miezi michache baadaye familia inatafuta gari tena.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 24 katika kundi la watu saba. Mkufunzi anaanza kwa kuuliza kundi kwa nini stadi hii ina maana. Mmoja anasema aliwahi kuacha dawa kwa sababu ya kusinzia kazini, akaishia wadi. Kisha mkufunzi anasoma hatua nne zilizo ukutani: mgeukie mhudumu na umsalimu, sema kinachokusumbua na kilianza lini, uliza kinaweza kufanywa nini, rudia kwa maneno yako ulichoambiwa.

Wakufunzi wawili wanaigiza kwanza, mmoja akiwa muuguzi na mwingine mgonjwa. Kundi linatazama na kutaja ni hatua zipi limeziona. Ndipo kijana anaitwa ajaribu. Mara ya kwanza anaketi akitazama sakafu, muuguzi anauliza hali, naye anajibu, “Niko sawa.” Igizo limekwisha.

Hapa mkufunzi asiye na uzoefu hukosea. Husema, “Hapana, umekosea.” Mkufunzi anayejua kazi yake hutafuta kwanza kilichofanywa vizuri, hata kikiwa kidogo: kijana amekubali kuketi mbele ya watu, na amejibu kwa sauti iliyosikika. Wenzake nao huulizwa wameona nini kizuri. Baada ya hapo hutajwa jambo moja tu la kuongeza. Moja, si manne. Safari hii ni kutaja tatizo.

Jaribio la tatu linakwenda hivi:

“Sista, habari ya leo?”

“Nzuri. Unaendeleaje?”

“Nina neno kuhusu dawa. Tangu mwezi uliopita miguu yangu haitulii. Hata usiku naamka nitembee. Kuna kitu kinaweza kufanywa?”

“Umeacha dawa?”

“Sijaacha. Lakini nimefikiria kuacha.”

“Umefanya vizuri kuniambia. Usiache. Utamwona daktari leo, anaweza kupunguza kipimo au kukupa dawa ya kutuliza miguu.”

“Kwa hivyo nimwone daktari leo, na nisiache dawa.”

Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfaa mtu ambaye kumbukumbu yake inateleza. Kurudia ulichoambiwa kunampa muuguzi nafasi ya kusahihisha papo hapo.

Kipindi hakiishii hapo. Kila mshiriki huondoka na kazi ya kufanya kabla ya kipindi kijacho, nayo lazima iwe na mahali, siku na mtu. “Fanya mazoezi ya kuzungumza” si kazi. “Siku ya kliniki, mwambie muuguzi kuhusu miguu, na dadako aketi nje” ni kazi. Kipindi kijacho huanza kwa kuuliza ilikwendaje, na ikiwa haikufanyika, igizo hurudiwa bila lawama.

Macho, salamu na heshima

Miongozo mingi ya mafunzo haya iliandikwa Marekani na Uingereza, na inasisitiza kumtazama mtu machoni. Katika jamii nyingi za Kenya, kijana anayemkazia macho mzee au baba mkwe huonekana amekosa adabu. Mkufunzi wa hapa hapaswi kufuata kitabu neno kwa neno. Linalotakiwa ni mtu aonyeshe kwamba anasikiliza: kugeuza mwili upande wa msemaji, kuitikia, kutotazama pembeni muda wote.

Salamu ndiyo mwanzo bora, kwa sababu Kiswahili kinampa mtu ngazi ya kupandia. Anayesalimu kwa shikamoo anajua kinachofuata ni marahaba. Anayeuliza habari za nyumbani anajua ataulizwa za kwake. Mazungumzo haya yana mpangilio unaotabirika, na kwa mtu ambaye akili yake huchelewa kupata neno, kutabirika ni nafuu kubwa. Wengi huanza hapo: salamu kamili kwa mtu mmoja kwa siku. Baadaye huongezwa swali moja la ziada, kama mvua imenyesha au mechi ilikwishaje.

Stadi ya kukataa nayo inahitaji mazoezi yanayolingana na maisha ya hapa. Mtu aliyekaa miaka bila marafiki huwa mwepesi kuridhia lolote analoambiwa na anayemwita rafiki. Huombwa namba yake ya siri ya M-Pesa akaitoa. Huletewa bangi, ambayo inaweza kurudisha sauti zilizokwisha kutulia, naye huipokea ili asiachwe peke yake steji. Kukataa hufundishwa kwa sentensi fupi isiyo na maelezo marefu: “Hapana ndugu, hiyo siwezi.” Kisha kuondoka. Maelezo marefu ndiyo hufungua mlango wa kubembelezwa.

Yanafaa kiasi gani

Mwaka 2008 Matthew Kurtz na Kim Mueser walikusanya matokeo ya tafiti 22 zilizohusisha watu 1,521. Walikuta kwamba washiriki hujifunza vizuri sana yale wanayofundishwa, na kwamba kuna faida ya wastani katika maisha ya kila siku na katika dalili zile za kupungukiwa hamu na maneno. Kwa sauti na imani zisizo za kweli, na kwa kuzuia ugonjwa kurudi, faida ilikuwa ndogo. Kwa hivyo anayetegemea mafunzo haya yachukue nafasi ya dawa anajidanganya.

Wataalamu wenyewe hawakubaliani kikamilifu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinapendekeza mafunzo haya kwa mgonjwa ambaye lengo lake ni kuishi vizuri zaidi na watu. Mwongozo wa taifa wa Uingereza unasema yasitolewe kama kawaida kwa kila mgonjwa yakiwa tiba ya kujitegemea. Tofauti hiyo inaeleweka mtu akitazama udhaifu wa njia yenyewe: ni rahisi kuzungumza vizuri na mkufunzi mwema ndani ya chumba kilichotulia, na ni jambo jingine kabisa kuzungumza na muuza duka mwenye haraka siku ya soko. Stadi isiyotoka nje ya chumba cha mafunzo haijamsaidia mtu. Na inatoka tu ikiwa nyumbani na mtaani kuna wa kuipokea.

Kazi ya familia na mtaa

Hapa ndipo mkazi wa kawaida, asiye daktari wala muuguzi, ana sehemu kubwa kuliko anavyodhani.

La kwanza ni gumu kwa sababu linatokana na upendo: kuacha kujibu kwa niaba yake. Mgeni anamuuliza kijana, “Umeamkaje?” na mama anajibu, “Anaendelea vizuri.” Ikitokea hivyo mara kumi kwa wiki, kijana hukosa mazoezi kumi. Mtu mwenye skizofrenia anaweza kuchukua muda kupata jibu. Hesabu kimya kimya hadi tano kabla ya kurudia swali, na usilirudie kwa sauti ya juu kana kwamba yeye ni kiziwi.

La pili ni kugawa jambo kubwa vipande. Kwenda dukani ni mambo mengi kwa pamoja: kukumbuka kinachotakiwa, kutoka nje, kusubiri foleni, kusema, kutoa pesa, kuhesabu chenji. Siku ya kwanza nendeni pamoja, yeye aseme salamu tu. Safari nyingine aagize yeye, nawe usimame kando. Baadaye simama barabarani. Siku atakayokwenda peke yake, mpe karatasi yenye kitu kimoja kilichoandikwa. Akirudi bila chenji, msihesabu hasara mbele ya watu.

Kumzungumzia dukani mapema husaidia pia, lakini kwa ruhusa yake. Muuza duka haitaji kuambiwa jina la ugonjwa. Inatosha kujua kwamba huyu anahitaji dakika moja zaidi.

La tatu linahusu ulimi. Tafiti zilizofanywa London katika miaka ya 1960 na 1970 zilionyesha kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi waliugua tena zaidi ya wengine. Nyumba ambamo jamaa walimchunga mgonjwa kupita kiasi, wakamfanyia kila kitu, zilikuwa na tatizo hilo hilo. Matokeo hayo hayasemi familia ndizo zinazoleta ugonjwa. Jamaa wanaolaumu aghalabu ni watu waliochoka, wasioelezwa na yeyote kwamba ukimya ule ni dalili. Badala ya “Wewe hufanyi chochote hapa,” jaribu “Leo naomba unisaidie kuteka maji, ndoo moja.” Ombi lina mwanzo na mwisho. Lawama haina.

Na kuhusu majina: Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na ulemavu, kwa maana ya Katiba hiyo, unajumuisha ule wa akili. Kumwita mtu “yule mwenda wazimu” barazani au katika mkutano wa chama si utani. Haifai kumfundisha mtu kusalimu ikiwa jibu atakalopewa ni kicheko.

Pa kuanzia

Huduma za zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti, na Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inazipa kaunti wajibu katika matibabu na urekebishaji wa wagonjwa wa akili. Mwenye mgonjwa anaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii anayezuru mtaa wake, au katika zahanati iliyo karibu, ambako ataelekezwa penye kliniki ya afya ya akili. Aende na kadi ya kliniki, dawa zote zinazotumika sasa hata zile za mitishamba, na kitambulisho kwa aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Akifika, aulize moja kwa moja kama kuna muuguzi wa afya ya akili, mshauri nasaha au mtaalamu wa tibakazi anayefanya mazoezi ya stadi za kijamii, peke yake au kwa kundi. Mahali pasipo na kundi, muuguzi anaweza kuchagua pamoja na mgonjwa stadi moja ya kufanyia mazoezi nyumbani hadi kliniki ijayo. Stadi hiyo ichaguliwe na mgonjwa mwenyewe. Familia inaweza kutaka aoge na kufyeka shamba, ilhali yeye anatamani kumpigia simu rafiki aliyesoma naye. Mazoezi yaanze kwa hiyo simu.

Mafunzo yasianzishwe wakati mtu amezidiwa na sauti, dawa hutangulia. Na yeyote anayesema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine, au aliyekaa siku kadhaa bila kula wala kulala, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.